Tarishi wa Kompyuta: Historia ya Jina la sendmail na Warithi Wake

Na mwanafunzi wa zamani

Wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaoendelea na masomo,

Mhariri aliponiomba nichangie makala ya historia katika gazeti hili la mkutano wetu, nilijua kwamba wengi watategemea habari za vita, za machifu, au za kujengwa kwa mabweni. Mimi nimechagua historia ya kitu kidogo kisichoonekana, ambacho hata hivyo hufanya kazi usiku na mchana katika kompyuta nyingi mno duniani. Nacho ni programu ya kupeleka barua katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux. Kijana akifungua kompyuta ya namna hiyo na kutafuta ni nani hasa apelekaye barua, atakutana na jina moja la zamani, yaani sendmail. Lakini mara nyingi atakuta kwamba anayeitikia jina hilo si sendmail mwenyewe. Namna jambo hilo lilivyotokea ndiyo habari ya makala hii, na ndani yake mna funzo kwa kila mtu aliyewahi kukabidhiwa cheo.

MACHAFUKO YA ANWANI

Barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao ilipelekwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Marekani. Ndiye aliyechagua alama ya @ ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mtandao huo uliitwa ARPANET. Uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nao uliunganisha vyuo vikuu na vituo vya utafiti.

Kufikia mwisho wa miaka ya sabini, mitandao ilikuwa imekwisha kuwa mingi. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, palikuwa na ARPANET, palikuwa na mtandao wa ndani ulioitwa BerkNet, na tena palikuwa na UUCP, ambao kompyuta zake zilipigiana simu na kupokezana barua. Kila mtandao ulikuwa na desturi yake ya kuandika anwani. Katika UUCP mwandishi alilazimika kutaja kila kompyuta itakayopitiwa njiani, moja baada ya nyingine, akizitenga kwa alama ya mshangao. Ni kama mtu wa Songea angelazimika kuandika juu ya bahasha: mpe karani wa Njombe, naye ampe wa Iringa, naye ampe wa Morogoro, ndipo imfikie fulani aliyeko Dar es Salaam. Karani mmoja akihama, barua imepotea.

Hapo Berkeley alikuwako kijana mmoja aitwaye Eric Allman, aliyefanya kazi katika mradi wa utafiti ulioitwa INGRES. Kompyuta ya mradi huo ilikuwa na njia ya kuingia ARPANET, na kwa sababu hiyo watu wa idara nyingine walitaka nao wapewe ruhusa ya kuitumia ili wapate barua zao. Allman aliona kuwa kumpa kila mtu ufunguo wa nyumba si dawa. Yafaa kuweka tarishi mlangoni, azipokee barua na kuzifikisha kwa wenyewe huko waliko. Basi mwaka 1979 aliandika programu iliyoitwa delivermail. Programu hiyo ilizijua desturi za mitandao mbalimbali, ila ilikuwa na upungufu mmoja: sheria za mitandao zilikuwa zimejengwa ndani ya programu yenyewe, hata mtandao ukibadilika ilibidi programu itengenezwe upya.

Na mabadiliko yalikuwa njiani. Mwezi Agosti 1982 Jonathan Postel alitoa waraka wenye kanuni mpya za kupokezana barua baina ya kompyuta, kanuni zijulikanazo kwa jina la SMTP. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ilihamia katika taratibu mpya za mawasiliano, ndizo zilizozaa intaneti ya leo. Allman akaiandika upya kazi yake, akaziweka sheria zote za anwani katika faili la pembeni ambalo mtunza kompyuta aweza kulibadili bila ya kuigusa programu. Aliita programu hiyo sendmail, maana yake ni "peleka barua" tu. Ilitoka mwaka 1983 pamoja na 4.1c BSD, mkusanyo wa mfumo wa Unix uliotengenezwa Berkeley, na kila chuo kilichopokea mkusanyo huo kilimpokea na tarishi wake.

JINA LAGEUKA KUWA AHADI

Faili hilo la sheria, liitwalo sendmail.cf, lilipata sifa mbaya. Mistari yake ilijaa alama za dola, nyota na herufi moja moja, hata mtu mgeni alidhani kuwa limeharibika. Kitabu cha kulieleza, kilichotungwa na Bryan Costales akishirikiana na Allman, kilitoka mwaka 1993 kikiwa na picha ya popo juu ya jalada. Toleo lake la pili lilipita kurasa 1,000. Fikirini, ndugu zangu: kurasa elfu moja za kumfundisha mtu namna ya kumwelekeza tarishi!

Pamoja na ugumu huo, sendmail ilienea kila mahali. Inakisiwa kuwa mwaka 1996 kiasi cha asilimia 80 ya seva za barua zilizoweza kufikiwa katika intaneti zilikuwa zikiitumia. Lakini kuenea kwake hakukuwa jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa lilitendeka polepole, bila ya azimio wala sherehe. Waandishi wa programu nyingine walizoea kwamba wakitaka kupeleka barua hawana haja ya kujua mitandao wala kanuni za SMTP. Walichohitaji ni kuita programu iliyowekwa mahali panapojulikana, yaani /usr/lib/sendmail, na baadaye /usr/sbin/sendmail, kisha kuikabidhi barua na kwenda zao.

Namna ya kukabidhi nayo ikawa desturi. Programu ikiita sendmail na kuongeza alama -t, maana yake ni: soma majina ya wapokeaji katika barua yenyewe, usiniulize mimi. Ikiongeza -f, inataja anwani ya mpelekaji, mahali pa kurudishia barua isipofika. Ikiongeza -i, maana yake ni: ukikuta mstari wenye nukta peke yake, usidhani kuwa barua imekwisha. Alama hii ya mwisho yaonekana kuwa ndogo, ila aliyeisahau huona barua yake ikikatwa katikati, tena bila ya neno lolote la kumwonya. Ziko alama nyingine kadhaa, kama -bp ya kuorodhesha barua zilizomo katika foleni.

Kwa njia hiyo sendmail ilikoma kuwa jina la programu moja tu. Ikawa ahadi: ukigonga mlango huu, ukasema maneno haya, barua yako itapokewa. Programu ya kuendesha kazi za usiku iitwayo cron iliitegemea ahadi hiyo. Lugha ya PHP, inayotumika kutengeneza kurasa nyingi za mtandao, mpaka leo hutafuta sendmail na kuipa alama za -t na -i isipoelezwa vingine.

MNYOO WA MWAKA 1988

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika intaneti programu ya kujizalisha yenyewe, ambayo wataalamu huiita mnyoo. Mnyoo huo ulikuwa na njia kadhaa za kuingilia, na mojawapo ilikuwa sendmail. Ndani ya sendmail palikuwa na amri iitwayo DEBUG, iliyowekwa kwa ajili ya kuchunguza kasoro wakati wa matengenezo. Kompyuta nyingi ziliachwa amri hiyo ikiwa wazi, na kwa amri hiyo mtu wa mbali aliweza kuifanya kompyuta itekeleze maagizo yake badala ya kupokea barua. Ilikisiwa kuwa kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa, katika kiasi cha 60,000 zilizokuwa katika intaneti wakati ule. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa kuwa chini ya uangalizi miaka 3, kufanya kazi za jamii saa 400, na kulipa faini ya dola 10,050.

Kiini cha tatizo kilikuwa zaidi ya amri hiyo moja. Tarishi huyu alikuwa programu moja kubwa, iliyofanya kila kitu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Aliyepokea barua ya mgeni mlangoni ndiye huyo huyo aliyekuwa na ufunguo wa kasiki. Mtumishi yeyote wa serikali atawaambia kwamba ofisi iliyopangwa hivyo inangoja siku yake tu.

WARITHI WA KITI

Miaka ya tisini walitokea watu walioamua kuandika programu nyingine za barua. Mwaka 1995 Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alianza kuandika Exim kwa ajili ya chuo chake. Daniel J. Bernstein, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, aliandika qmail, na mwaka 1997 akaahidi dola 500 kwa mtu yeyote atakayeonyesha tundu la usalama ndani yake. Na Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa akifanya utafiti katika kampuni ya IBM, aliandika programu iliyotolewa mwezi Desemba 1998 na kujulikana kwa jina la Postfix. Postfix na qmail zilifuata mpango mmoja wa msingi: kazi imegawanywa kwa programu ndogo ndogo nyingi. Mmoja hupokea mlangoni, mwingine hutunza foleni, mwingine hupeleka nje, na kila mmoja hupewa madaraka yale tu yanayoitosha kazi yake.

Lakini watu hao walikabiliwa na swali gumu. Maelfu ya programu duniani yalikwisha kuzoea kugonga mlango wa /usr/sbin/sendmail. Je, yote yaandikwe upya? Nani angekubali? Walichofanya ni jambo la hekima. Postfix na qmail ziliwekewa programu ndogo iitwayo sendmail, yenye kuelewa alama zile zile za zamani, ambayo huipokea barua na kuikabidhi ndani, na Exim yenyewe iliandikwa iweze kuitwa kwa jina hilo na kuzielewa alama hizo. Mwenye kugonga mlango hakuhitaji hata kujua kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Sisi tuliosoma shule ya bweni tunalielewa jambo hili bila ya kufundishwa. Kiranja mkuu ni kiti kabla ya kuwa mtu. Kijana wa kidato cha kwanza mwenye shida huenda kwa kiranja mkuu, na hajali kama mwaka jana kilikalia mtu mwingine. Anachotazamia ni kwamba mwenye kiti atasikiliza, atapeleka neno lake kwa mwalimu, na kengele italia kwa wakati wake. Mrithi aweza kuwa na akili kuliko aliyemtangulia, na aweza kufanya kazi kwa njia zake mwenyewe, lakini ahadi za kile kiti amezirithi pamoja na beji.

KUMTAFUTA TARISHI

Sasa niseme na vijana, maana hili ni jambo mtakalolifanya kwa mikono yenu. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ilifuata desturi za Unix, na desturi ya sendmail ikaingia pamoja nazo. Waraka wa mpango wa mafaili unaofuatwa na Linux unaagiza kwamba kama /usr/sbin/sendmail ipo, basi na /usr/lib/sendmail iwepo ikiwa kiungo cha kuelekeza huko, kwa sababu za kihistoria. Ndiyo kusema ule mlango wa zamani haukubomolewa. Uliwekewa kibao cha kuonyesha mlango mpya.

Mtu akiandika neno sendmail katika Debian akiwa mtumiaji wa kawaida, huenda akajibiwa kuwa hakuna amri ya jina hilo. Asikate tamaa upesi. Folda ya /usr/sbin kwa kawaida haimo katika orodha ya mahali ambapo mtumiaji huyo hutafutiwa amri, kwa hiyo programu yaweza kuwapo na isionekane. Na atazame kwa njia kamili, kwa amri ya ls -l /usr/sbin/sendmail. Programu iitwayo git, wanayotumia waandishi wa programu kutunza kazi zao, inapotaka kupeleka barua hutafuta kwa utaratibu huo huo wa subira: huangalia /usr/sbin, huangalia /usr/lib, kisha huangalia orodha ya kawaida.

Akiisha kuiona, swali la pili ni: nani amekaa kitini? Katika Fedora, mahali hapo pana kiungo kinachopita kwenye folda ya /etc/alternatives na kuishia, kwa mfano, kwenye sendmail.postfix, na amri ya readlink -f itamfikisha mwisho wa njia. Hapo programu kadhaa zaweza kukaa pamoja, na msimamizi huchagua mmoja wa kushika zamu. Debian wana desturi nyingine. Wao wameweka cheo kiitwacho mail-transport-agent, na programu zenye kushika cheo hicho hukataa kukaa pamoja. Ukiingiza Postfix, Exim huondoka. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa: huyo aliyekaa anatimiza ahadi kiasi gani? Ziko programu ndogo zilizotengenezwa kwa kompyuta zisizohitaji posta nzima, kama vile msmtp, nullmailer na dma. Zote zaweza kuitikia jina la sendmail. Lakini msmtp yenyewe haina foleni: hupeleka barua papo hapo kwa seva kubwa, na mtandao ukiwa umekatika humrudishia mwenyewe kosa mkononi. Nullmailer na dma huiweka barua na kujaribu tena baadaye. Kwa sehemu ambako umeme na mtandao hukatika, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tena ijulikane kuwa kwa tarishi mwenye foleni, jibu la "nimepokea" halina maana ya "nimefikisha". Barua iliyogongwa mhuri masjala bado haijamfikia mkubwa.

KITI KITUPU

Katika miaka ya karibuni watengenezaji wa mifumo wameanza kukiacha kiti kitupu. Fedora 20, iliyotoka Desemba 2013, iliacha kuweka sendmail katika kompyuta mpya bila ya kuombwa. Sababu zao ni za haki. Watu wengi hutumia barua za makampuni makubwa, na barua inayotoka katika kompyuta isiyotambulikana hukataliwa na seva nyingi kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu. Ndugu zao wa FreeBSD, ambao mfumo wao unatokana na ule wa Berkeley, katika toleo la 14 la mwaka 2023 walimwondoa sendmail mwenyewe katika kiti, wakamweka dma mdogo. Kampuni aliyoianzisha Allman mwaka 1998 ilinunuliwa na Proofpoint mwaka 2013.

Hata hivyo, kiti kitupu kina gharama yake. Katika ofisi moja ya umma ninayoijua, kompyuta ilipangiwa kunakili kumbukumbu kila usiku, na ilipangiwa kutuma taarifa endapo kazi hiyo itashindikana. Miezi ikapita bila ya taarifa, watu wakaona kuwa ukimya ni dalili ya heri. Siku nakala zilipohitajiwa, hazikuwapo. Kila usiku kazi ilikuwa imeshindikana, na kila usiku cron ilikuwa imeandika mstari mmoja katika kumbukumbu zake, kwamba hakuna programu ya kupeleka barua, na kwa hiyo maelezo yametupwa. Kompyuta ilikuwa imesema kweli kila siku, ila haikuwa na tarishi. Kumbukumbu zile zilikuwa za watu: vyeti vyao, madai yao, haki zao. Zilirudishwa kwa kuandikwa upya kutoka kwenye majalada ya karatasi, na yale ambayo hayakuwa na karatasi hayakurudi.

Kwa sababu hiyo nawasihi vijana mtakaokabidhiwa kompyuta za shule, za hospitali na za halmashauri zetu: siku ya kwanza, kabla ya jambo lolote kubwa, ulizeni tarishi ni nani. Pelekeni barua moja ya majaribio, mhakikishe imefika mkononi mwa mtu anayeisoma. Tena amueni kwa makusudi kama kiti hicho kitakaliwa na Postfix, au na msmtp, au kama kitaachwa wazi na taarifa zipite njia nyingine. Lolote katika hayo laweza kuwa sawa. Lisilo sawa ni kutojua.

Na kwa wenzangu ambao sasa tunashika nafasi hapa na pale, historia hii inatuhusu pia. Eric Allman alitatua shida ya watu wa idara jirani waliotaka kupata barua zao, na zaidi ya miaka 40 baadaye jina alilolichagua lingali likiitwa na programu ambazo waandishi wake hawakuwa wamezaliwa. Waliomrithi waliona kasoro zake, nao wakazirekebisha bila ya kuwatupa waliomtegemea. Tunapopokea ofisi kutoka kwa mtu, ni rahisi kuona makosa yake na kutaka kubadili kila kitu hata vibao vya milangoni. Tubadili yanayostahili kubadilishwa, lakini kwanza tujue ni nani watakuja kesho asubuhi kugonga mlango ule ule waliouzoea.

Nawatakia mkutano mwema, na vijana nawatakia mitihani ya heri.